Ujira Ambao Soko Halilipi: Urafiki wa Wanawake Katika Vikundi vya Kusuka Ukili

Afisa maendeleo ya jamii anapotembelea kikundi cha wanawake wasukao mikeka, iwe Tanga, Bagamoyo, Unguja au Pemba, maswali yake hujulikana hata kabla hajakaribishwa kukaa: wanachama mko wangapi, katiba mnayo, akaunti mmefungua benki gani, na kwa mwezi mnauza mikeka mingapi. Ni maswali ya halali. Tatizo ni kwamba majibu yake, yakipigiwa hesabu kwa uaminifu, aghalabu huonyesha biashara ambayo ilipaswa kufungwa zamani. Chukua bei ya mkeka mmoja wa ukindu, uigawe kwa saa zilizotumika kuchana, kupika rangi, kusuka na kushona, na utapata ujira ambao kibarua wa kupalilia shamba angeukataa papo hapo. Hata hivyo wanawake hao hukutana alasiri baada ya alasiri, na wengine wao wamefanya hivyo tangu kabla mikeka ya plastiki haijajaa madukani na kuivuruga bei yao.

Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili. Wapo wasemao kwamba ni umaskini, kwa maana hawana kingine cha kufanya, na wapo wasemao kwamba ni mila, kwa maana wameirithi kazi hii kwa bibi zao. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi kwa nini mwanamke mwenye meza yake ya maandazi, ambayo inamwingizia zaidi, bado huchukua ukili wake, yaani utepe wa ukindu unaosukwa kabla ya kushonwa mkeka, jua likipungua na kwenda kukaa na wenzake. Ninavyoona mimi, wanawake hawa wanalipwa, ila wanalipana wao kwa wao: kwa kujuliana hali, kwa kusaidiana na kwa kutunziana siri. Malipo hayo ni halisi na yanaweza kuelezwa yanavyopatikana. Na soko, pamoja na taasisi nyingi zinazotaka kuwasaidia, limezoea kuyategemea bila kuyatolea hata senti.

Inafaa kuanza na kazi yenyewe, kwa sababu urafiki huu umejengwa juu ya hatua zake. Ukindu hutoka kwa mkindu, mti wa jamii ya mitende unaopenda mabonde na kingo za maji. Makuti machanga hukatwa yangali yamefumba, hukaushwa juani hadi yawe meupe, kisha huchanwa vipande vyembamba vya upana mmoja. Vinavyotakiwa kuwa na rangi hupikwa. Baada ya hapo husukwa ukili, na ukili ukishafika pima za kutosha hushonwa kwa shazia, yaani sindano kubwa, ubavu kwa ubavu, mpaka mkeka utimie. Karibu kila hatua hapo mtu anaweza kuifanya peke yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Inayowakutanisha kwa nguvu ni rangi. Pakiti moja ya rangi hutosha mafungu mengi kuliko aliyonayo mtu mmoja, kuni ni za kununua au za kutafutwa mbali, na sufuria ya kupikia rangi haiwezi kurudi tena kupika wali wa shughuli. Kwa hiyo sufuria huwa moja, hukaa kwa mwanachama mmoja, na ua wa nyumba hiyo ndio hugeuka kuwa mahali pa kukutania. Urafiki mwingi tunaousifu kwa maneno makubwa umeanzia kwenye jambo dogo la namna hiyo, yaani gharama ambayo mmoja hawezi kuibeba.

Wakishakuwa pamoja, kazi hugawanyika bila mkutano. Bibi ambaye macho yamepungua nguvu haoni tena tundu la shazia, basi binti aliyekaa karibu naye humtungia uzi. Lakini vidole vya bibi huyo bado hutambua ukili uliolegea, na binti akikosea hasemwi: bibi huuchukua, huufumua kuanzia penye kosa, humrudishia na kuendelea na wake. Anayenyonyesha huuweka wake chini na kuushika tena mtoto akilala, na kazi haiharibiki kwa kuachwa. Ni kazi chache za kipato zinazomruhusu mzee, mzazi na mwanafunzi kukaa pamoja kwa muda huo bila yeyote kuwa mzigo kwa mwingine.

Jambo lililo kubwa zaidi, nadhani, ni namna kazi hii inavyouachia ulimi. Macho yako chini, mikono ina shughuli, watu wamekaa sambamba badala ya kukabiliana, na ukimya hausumbui kwa kuwa kila mmoja ana la kufanya. Katika hali hiyo mwanamke huweza kusema, bila kuinua kichwa, "Baba Asha hajarudi nyumbani tangu juzi," na hakuna atakayeacha kusuka. Pengine itapita kitambo ndipo mmoja aulize, "Unga upo?" Mwingine ataongeza, "Watoto walete kwangu leo, shoga, walale na wangu." Habari ya Baba Asha yuko wapi huenda isiguswe kabisa siku hiyo, wala wiki hiyo. Aliyesema amesikika, hakulazimika kulia mbele ya watu, na kabla ya Magharibi suala la unga limekwisha kumalizwa. Yule anayeitwa mshauri nasaha, ambaye hukukalisha kwenye kiti mkabala naye na kukutazama usoni akisubiri useme, angehitaji vikao kadhaa kufika hapo, na unga asingekupa.

Kuna na suala la ruhusa, ambalo waandishi wa ripoti hulipita kimya. Katika nyumba nyingi mwanamke anayesema "naenda kuzungumza na mashoga zangu" huulizwa maswali, na anayesema "naenda kusuka" haulizwi kitu. Mkeka unampa sababu ya kutoka inayoheshimika na mume, mama mkwe na majirani. Mwanamume hahitaji kisingizio hicho: ana baraza, ana kijiwe cha kahawa, ana bao, na sijasikia kijiwe cha bao kikidaiwa katiba au mpango wa biashara. Mtu anaweza kuhuzunika kwamba mapumziko ya mwanamke hulazimika kuvishwa nguo za kazi ndipo yakubalike. Mimi nahuzunika kiasi, lakini naona pia akili iliyomo: wanawake waliokosa mahali pao pa kukaa wamejitengenezea, tena mbele ya macho ya kila mtu.

Kwamba kukaa huku kuna faida kwa afya si dhana ya washairi tu. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma inayojulikana kama Benchi la Urafiki, ambamo akina bibi wa mitaa hufunzwa kuwasikiliza watu wenye sonona na mawazo mengi, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za jiji hilo, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosikilizwa na akina bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Linalonukuliwa kwa nadra ni kilichofuata baada ya benchi: wagonjwa walikaribishwa kwenye vikundi vya wenzao, ambamo hukutana, huzungumza na kufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Utafiti huo haukutenganisha mchango wa bibi na mchango wa mkoba, na itakuwa ujanja kudai kwamba ufumaji ndio uliowaponya. Vivyo hivyo dodoso la mwaka 2013 lililojibiwa na wafumaji wa sufi zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali, wakieleza utulivu wanaoupata, lilijibiwa na watu ambao tayari waliipenda kazi hiyo. Pamoja na tahadhari hizo, mtu anayetoka kwenye benchi anahitaji pa kwenda wiki ijayo, na ni rahisi zaidi kurudi mahali ambapo kuna kitu chako hakijamalizika.

Kama urafiki ungekuwa tawi tu la biashara, ungekauka biashara ikikauka. Ukambani, nchini Kenya, panatupa jaribio la hoja hiyo. Kiondo, yaani kikapu cha kubebea mizigo, kilisukwa huko na Ugikuyu kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwamo mbuyu, na baadaye kwa mkonge. Wanawake walikisuka hata wakiwa njiani kwenda sokoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 kikageuka mkoba wa fasheni Ulaya na Marekani. Pesa ziliingia, ingawa mikanda ya ngozi na umaliziaji vilifanyika mjini, na huko ndiko faida iliponona. Kisha vikapu vya kuiga vilivyotengenezwa viwandani barani Asia vikalijaza soko, na bei ikaanguka. Waliokuwa wamekuja kwa ajili ya kiondo, yaani madalali na wasafirishaji, wakatoweka. Vikundi vingi vilibaki, kwa sababu havikuzaliwa na kiondo. Nyuma yake kulikuwa na mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa zamu, ambayo ndiyo iliyowawezesha wanawake wa Machakos kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa. Katika maeneo ya kati ya Kenya vilikuwapo vikundi vilivyopewa jina la mabati, ambavyo wanachama wake walichanga na kumwezekea mmoja mmoja nyumba yake hadi zamu iishe. Upatu wa pwani, na vikundi vya kuchangiana ambavyo Kenya huitwa "chama", ni ndugu wa desturi hizo. Kikapu kilikuwa mgeni katika nyumba iliyokwisha kuwa na wenyewe.

Uhusiano wa namna hii, ukishakuwapo, huweza kubeba mzigo ambao hakuna aliyeupanga. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka 1955, hakuunda mtandao mpya. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, naye alipitia kwenye vikundi vya ngoma vilivyokuwapo mitaani, na wanachama wakaja kwa wingi kuliko wanaume walivyotarajia. Walijuana kwa harusi na misiba kabla hawajajuana kwa kadi.

Rwanda inatoa mfano mgumu zaidi, na hapo mwandishi anapaswa kutembea taratibu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchi ilijaa wajane. Baadhi yao walianzisha chama cha AVEGA-Agahozi mwaka 1995. Ususi wa agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho pia kimo katika nembo ya taifa, ukawa mojawapo ya kazi zilizowakalisha pamoja walionusurika na wanawake ambao waume zao walikuwa magerezani kwa kushiriki mauaji. Kuanzia mwaka 2005 vikapu hivyo viliuzwa katika maduka makubwa ya Macy's nchini Marekani, vikiwa vimebeba ujumbe wa amani. Siamini kwamba kusuka pamoja kunafuta damu, na sidhani kwamba wanawake hao wenyewe walidai hivyo. Ninachoamini ni kidogo zaidi: watu wasioweza kutazamana wanaweza kwanza kutazama kitu kimoja kilicho mikononi mwao, na siku nyingi za namna hiyo huweza kuzaa salamu. Kinachonitatiza ni kwamba salamu hiyo, ikishapatikana kwa jasho na machozi, huandikwa kwenye kijikaratasi kinachoning'inia kwenye bidhaa. Mnunuzi hulipia kikapu na kupewa msiba wa mtu kama nyongeza. Ingekuwa haki msiba huo nao uwe na bei, na bei hiyo imfikie mwenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba ua wa wasukaji ni peponi. Siri inayotolewa kirahisi kwenye ukili hutoka kirahisi vilevile, na yuko mwanamke katika kila mtaa aliyeacha kikundi kwa sababu habari za ndoa yake zilimtangulia kufika kisimani. Mwenye sufuria huwa na nguvu kuliko anavyokiri. Anayepokea oda hujipimia sehemu nzuri. Zaidi ya hayo, urafiki huu una mipaka ambayo waliomo hawaioni: mtumishi wa ndani hana alasiri, mama lishe yuko jikoni saa hizo, na mke aliyeolewa kutoka mbali hukaa miaka akiitwa mgeni kabla hajasogezewa ukindu. Wenye shida kubwa kabisa mara nyingi hawamo. Anayeandika sera kwa kudhani kwamba vikundi vinawafikia wanawake wote anawaacha nje hasa wale aliowakusudia.

Hapo ndipo suala la mikopo linapoingia. Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuibua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi hewa ni matokeo ya kutazamiwa pale mlango wa fedha unapofunguliwa kwa neno "kikundi" peke yake: watu hukusanyika Jumatatu, huandika katiba Jumanne, na fedha zikitoka hawajuani tena. Kikundi kilichopika rangi pamoja kwa miaka 15 kina dhamana ambayo hakuna benki iliyoiandika, lakini mbele ya dirisha la mkopo kinasimama sawa na hicho cha Jumatatu.

Mikopo ya binafsi ina madhara mabaya zaidi, ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mingi hutolewa kwa dhamana ya kundi, kwamba mmoja akishindwa wenzake watamlipia. Kwenye karatasi huo ni mshikamano. Uani maana yake ni kwamba siku ya marejesho shoga yako, aliyelaza watoto wako kwake mwezi uliopita, anakuja na wenzake kuchukua godoro na televisheni yako, kwa kuwa asipofanya hivyo litaondoka la kwake. Mkopeshaji hafiki. Amewaajiri marafiki kazi ya udalali bila mshahara, na deni likishalipwa, kikundi huwa kimekufa. Kwa maoni yangu dhamana ya namna hiyo ingepaswa kupigwa marufuku kwa vikundi vidogo, hata kama itapunguza idadi ya mikopo inayotolewa.

Oda kubwa nayo ina namna yake ya kuumiza, ingawa huja na tabasamu. Msafirishaji anataka vikapu 300, kipimo kimoja, rangi mbili, kabla ya tarehe fulani. Ni baraka, na sitamshauri mtu aikatae. Lakini mazungumzo hupungua, bibi mwenye vidole vya taratibu huambiwa apumzike kwanza, vilivyopinda hurudishwa kwa aliyevisuka, na ghafla watu waliokuwa wakikaa sambamba wanatazamana kama washindani. Kikundi kinachojua kwamba urafiki ni sehemu ya mali yake kitajadili mambo hayo kabla ya kutia saini: nani atafanya kipi, vilivyokataliwa vitabebwa na nani, na je, muda wa kutosha upo.

Mabinti, kwa upande wao, wameiona hesabu na wameamua. Wengi hawasuki. Wako kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambako fedha huhesabiwa, vitabu hufungwa na kila mtu hukimbilia shughuli zake. Au wanafuma sufi kwa kujifunza kwenye simu, wakiuza blauzi na mikoba kwa wateja wasiowajua. Wazee huwalaumu kwa kuacha asili. Nisingewalaumu. Kilichowafukuza ni bei, na bei hiyo haikushuka yenyewe.

Bei ya mkeka huanguka kwa sababu inayojulikana na kila msukaji: huuzwa siku ya shida. Mtoto anaumwa, ada inadaiwa, na mchuuzi, ambaye anaijua kalenda ya mtaa kuliko diwani, hupita siku hizo hizo na kumkuta kila mmoja mlangoni kwake. Anayeuza peke yake akiwa na dharura hawezi kubishana. Hapa ndipo urafiki, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukifidia bei mbaya na hivyo kuifanya ivumilike, unaweza kutumiwa kuipandisha. Kikundi kikiwa na mfuko, kiununue mkeka wa mwenzao siku hiyo ya shida kwa bei waliyokubaliana, mtoto apelekwe hospitali, na mkeka uwekwe. Mkopo wa halmashauri ungefaa zaidi kwa kazi hiyo kuliko kwa vyerehani ambavyo hakuna aliyeviomba, mradi marejesho yafuate misimu ya harusi na wiki za kuelekea Ramadhani badala ya kudaiwa kila mwisho wa mwezi. Chumba kimoja kikavu na kufuli vinatosha kuanzia. Mchuuzi akija atakuta mikeka 40 mahali pamoja, na wanawake watatu waliotumwa na wenzao kuzungumza naye, hakuna hata mmoja wao mwenye haraka.